Kakao Kidogo Kwenye Keki ya Moti

Nilianza kazi Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, jikoni kwa Mama Aikande hapa Lemara, nikiwa nimevaa sketi ya shule kwa sababu ile nyingine ilikuwa bado mbichi kambani. Nimestaafu juzi, nikiwa na miaka kumi na minane. Najua kustaafu ni neno la watu wenye mvi, wanaoagwa kwa hotuba na saa ya ukutani, lakini aliyelitumia ni Mama mwenyewe.

"Kunda," alisema, "unastaafu, unakwenda zako kidato cha tano, unaniachia msichana mpya asiyejua hata mwiko uko wapi. Na wewe kuongea huongei. Basi andika. Andika anachotakiwa kujua, nitampa asome."

Kwa hiyo, mdogo wangu nisiyekujua, naandika. Mshahara sitautaja, mtaelewana wenyewe. Vyeo navyo havipo: kuna Mama, na kuna msichana wa jikoni.

Mama Aikande ni mtu wa Machame, mnene, mcheshi, anaimba sauti ya pili kwaya ya kanisani kwao, na anaoka keki za harusi, ubatizo na kipaimara kwenye banda lililo nyuma ya nyumba yake. Siku ile ya kwanza alinipa bakuli lenye siagi na sukari akaniambia, "Piga mpaka nikwambie basi." Mara akaitwa getini. Huko akasalimiana, akauliza habari za nyumbani, za shamba, za mgonjwa, akacheka, akasahau kama ana mtu jikoni. Mimi nikaendelea kupiga. Mkono ukafa ganzi nikahamia mkono wa pili. Ningeweza kuacha, ningeweza hata kwenda kumuuliza, lakini ndiyo nilivyo: naona aibu hata kumwambia mtu kwamba amenikanyaga.

Aliporudi alichungulia bakuli, akanitazama usoni, akachungulia tena.

"Bado unapiga? Mwanangu, hiyo si keki tena. Hiyo jipake miguuni."

Akacheka mpaka akakalia gunia la unga. Hiyo losheni tuliioka hivyo hivyo, na ikatoka nzuri, ila ilikaa bapa kidogo katikati, kama godoro la mgeni.

Sasa vifaa. Jiko la umeme lina sahani nne, zinazofanya kazi ni mbili. Oveni yake inaunguza upande wa kushoto, kwa hiyo nusu ya muda ikipita geuza trei. Umeme utakatika, hasa siku ya harusi kubwa, na hapo usilie, nenda nyuma kwenye tanuri la pipa: mkaa chini, trei katikati, bati juu, na juu ya bati mkaa mwingine. Tanuri halina namba za kuzungusha. Tumia pua. Keki ikianza kunukia mpaka kwa jirani, imebakiza kidogo. Kusema kweli keki za pipa ni tamu kuliko za oveni, lakini usimwambie Mama, jiko lile alilinunua kwa kujinyima.

Kuangalia kama keki imeiva tunatumia njiti ya ufagio. Ufagio wenyewe ni mpya, umetundikwa msumarini nyuma ya mlango, na haujawahi kugusa sakafu. Mgeni mmoja, ndugu yake Mama, alidhani anasaidia akaushusha kufagia makombo. Alipandishwa basi la Moshi kesho yake. Mama anasema alikuwa anaondoka tu. Sawa.

Halafu bakuli. Hapa soma polepole, maana ndiyo sababu ya mimi kuandika kurasa zote hizi.

Mama haoshi bakuli lenye kitu. Ana kipande cha plastiki alichokata kwenye ndoo iliyopasuka, amekisugua pembeni kikawa laini, na kwa kipande hicho anakwangua bakuli mpaka linang'aa. Kinachotoka hakitupwi wala hakirambwi. Kinaingia kwenye keki inayofuata. Alianza enzi za foleni, sisi tukiwa wadogo, sukari ikipatikana kwa kibali na unga ukipatikana kwa kujuana. Keki ya ubatizo wa mtoto wake wa kwanza aliioka kwa sukari aliyoombaomba kijiko kijiko kwa majirani. Sasa hivi ruksa ya biashara imekuja, maduka ya Arusha yamejaa, kuna majarini za vifuniko vya kila rangi, kuna rangi za keki kutoka Dubai, kuna kakao ya kopo ambayo zamani niliiona kwenye picha tu. Mama ananunua vyote. Lakini mkono wake bado uko kwenye foleni. Akiona bakuli lina mabaki, mkono unakwenda wenyewe.

Kwa hiyo keki ya kipaimara ya Jumapili huwa na kumbukumbu ndogo ya harusi ya Jumamosi. Bibi harusi mmoja aliwahi kuuliza mbona kipande chake kina harufu ya chungwa na yeye aliagiza vanila. Mama akamjibu, "Hiyo ni baraka, mwanangu. Kula." Akala. Kwa watu haina shida, na mimi niliona ni akili nzuri, mpaka alipokuja Babu Balwant.

Nikwambie kwanza kwamba kazi ngumu tulikuwa tumeshaziona. Kuna mama mmoja wa Sombetini alitaka keki ya harusi ya binti yake iwe na daraja, kama aliyoiona kwenye mkanda wa video kutoka Nairobi, na maharusi wa plastiki wamesimama katikati ya daraja. Mama alilijenga kwa vijiti vya mishikaki na sukari ya unga. Kwenye lile jiwe la kona ya Lemara gari likaruka, daraja likakatika, bwana harusi akaangukia upande wa keki ya ukweni. Mama akawaambia wenye shughuli kwamba sasa hivi mtindo ndio huo, bwana harusi anakwenda kuposa. Walipiga makofi.

Babu Balwant alikuja Alhamisi jioni, Mama akiwa mazoezini kwaya. Niliona pikapu kuukuu inasimama, akashuka mzee mrefu wa Kisingasinga, kilemba cha bluu, mikono ya fundi wa magari. Nilitamani kujificha nyuma ya gunia.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Mwenye keki yupo?"

"Amekwenda kwaya."

"Basi utanisikiliza wewe. Nataka keki ya bethdei."

"Ya mtoto, babu?"

"Anafikisha kumi na tatu."

"Tuandike jina gani?"

"Moti. Lakini usiandike kwa sukari. Hatakiwi sukari. Wala kakao. Kakao hata chembe, mama, umenisikia? Wala kitunguu."

Nilikaa nikifikiri. Sukari nimeelewa, kakao nimeelewa.

"Babu, samahani. Kitunguu kwenye keki?"

"Ni mbwa," akasema.

Sikucheka. Si kwamba nina adabu sana, ni kwamba mimi kicheko kinanitoka nikishafika nyumbani. Yeye akadhani nimemheshimu, akavuta kiti akakaa. Huyu mzee amezaliwa hapa hapa, gereji ya baba yake ilikuwa inatengeneza matrekta ya mashamba ya kahawa, na Kimeru anaongea vizuri kuliko mimi, ingawa ndicho cha kwetu. Akanieleza kwamba Moti alikuwa mbwa wa mke wake, Bibi Amrit. Kila mwaka bibi alimwokea keki. Mwaka huu, baada ya mvua za masika, bibi akafariki.

"Nilikuwa namcheka," alisema. "Nilimwambia, wewe mwanamke, watu wa Themi watasema tumerukwa na akili, keki ya mbwa! Na majirani walicheka kweli. Sasa wiki hii nimejikuta nakaa barazani namsubiri aanze kuchemsha."

"Bibi alikuwa anaweka nini, babu?"

"Ndiyo sijui! Jikoni alikuwa hataki mtu. Najua asichoweka, maana kwa hicho alinipigia kelele. Mgeni alitoka Uingereza na chokoleti, mimi nikampa Moti kipande, si anapenda? Alitetemeka usiku kucha. Daktari akasema moyo umeguswa, mara ya pili hataamka."

Akajipangusa mikono ambayo ilikuwa misafi.

"Nyumba ile tumebaki wawili," akasema. "Mimi na yeye."

Mama aliporudi nikamwambia yote, kakao nikaitaja mara mbili. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bethdei ya mbwa! Kwetu Machame keki yenyewe ni ndafu, mbuzi mzima na jani la sale mdomoni. Huyo mbwa angezaliwa kwetu tungempa mguu mmoja, kazi imekwisha." Kisha nilipofika kwenye habari ya Bibi Amrit aliacha kucheka. Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja. "Basi tutamwokea," alisema. "Na iwe keki kweli, isiwe ugali wenye mshumaa. Lakini mimi chakula cha mbwa sikijui, hilo lako."

Jumamosi ile nilikwenda nyumbani Tengeru, na nikapita kwa Daktari Kaaya, daktari wa mifugo ambaye baba humwita ng'ombe akivimba tumbo, na ndiye pia anayemtibu Moti. Nilisimama mlangoni kwake nikitafuta namna ya kuanza, mpaka akainua kichwa mwenyewe.

"Binti, ng'ombe wenu anaumwa au wewe ndiye unayeumwa?"

"Hakuna anayeumwa, shikamoo. Nauliza mbwa anakula keki gani."

Nilipomtajia Moti hakushangaa hata kidogo. "Kumi na tatu," alisema. "Kuna ndoa hazifiki." Akanieleza. Unga wa ngano kidogo, mayai, boga lililochemshwa likapondwa, karoti ya kukuna, maini ya ng'ombe yaliyochemshwa yakasagwa. Mafuta kijiko tu. Chumvi usiweke, sukari usiweke, kitunguu na kitunguu saumu hapana, kungumanga hapana, na mfupa uliopikwa usimpe hata kwa mapambo, unachanika ndani ukamtoboa. Kakao akairudia kama Babu alivyoirudia: mwili wa mbwa hauwezi kuimaliza kama wetu, inakaa humo inapiga moyo kama ngoma. Na moyo wa Moti wenyewe ndio huo, ulishaguswa. Akaniambia naye amealikwa, siku ya siku tutaonana.

Weka hayo akilini, mdogo wangu, maana watu wakishasikia watakuja wengine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Asubuhi tulikuwa na keki ya harusi, ya kakao, maana siku hizi Arusha nzima inataka kakao. Mama alikuwa upande wake na lile bakuli kubwa la bati, mimi upande wangu na bakuli la bluu ambalo nililiosha kwa maji ya moto. Nilipiga mayai mpaka yakapanda, nikachanganya boga, karoti, maini, unga nikauchekecha mara mbili. Nikamimina kwenye trei ndogo ya mviringo. Hapo umeme ukakatika. Nikatoka kuchukua mkaa kwa jirani. Niliporudi Mama alikuwa ameshatumia mkaa kidogo uliokuwepo, na trei yangu ilikuwa imeshaingia tanurini.

"Nimekusaidia," alisema.

"Asante, Mama."

Ilinukia kama chakula cha jioni kwa mtu tajiri. Ilipoiva nikaipaka viazi vilivyopondwa badala ya aisingi, nikaandika MOTI kwa vipande vya karoti. Mama alisimama akaitazama, mikono kiunoni. "Ningekuwa mbwa," alisema, "leo ningetoa machozi."

Babu alikuja kuichukua saa tisa. Aliishika trei kwa mikono miwili.

"Amrit angesema viazi vimezidi," alisema, na akaondoka akitabasamu.

Mimi nikageukia vyombo. Niliosha trei, miiko, bakuli langu la bluu. Nikafika kwenye lile bakuli kubwa la kakao. Lilikuwa linang'aa.

Nikasimama nalo mkononi. Baada ya keki ya harusi hatukuwa tumechanganya kitu kingine. Keki iliyofuata ilikuwa ile ya Moti.

"Mama. Hili bakuli la kakao, mabaki yake uliyaweka wapi?"

"Mabaki gani? Kilikuwa kidogo tu." Alikuwa anahesabu mishumaa, hakugeuka. "Nilikwangua nikakifukia pale katikati ya..."

Akageuka.

"Mama, tulisema kakao hapana."

"Lakini mimi sikuweka kakao," alisema, na namjua Mama, hakuwa anadanganya. "Kunda, mimi kopo la kakao sikuligusa. Yalikuwa ni mabaki." Ndivyo alivyolijua neno hilo maisha yake yote. Kakao ni ile iliyo kwenye kopo, unaipima kwa kijiko. Mabaki ni mabaki, hayahesabiki, ni ya kutotupwa. Kisha nikaona linamfikia. Mishumaa ikamtoka mkononi.

"Yesu wangu. Mbwa wa watu. Kimbia, Kunda! Mimi nakuja!"

Nilikimbia na aproni yangu. Kutoka Lemara mpaka Themi si mbali, lakini si karibu kwa mtu wa kandambili. Moja ilikatika njiani, nikaiacha. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitasema hodi, nitaamkia wazee, nitamwita Babu pembeni, nitamwambia taratibu asiaibike Mama mbele za watu. Sentensi nzuri kabisa, nilikuwa nazo tatu.

Nilipofika, wazee watano walikuwa barazani na chai, Daktari Kaaya mmoja wao. Moti alikuwa mapajani kwa Babu, kambwa kadogo keupe, masikio ya kahawia, amevalishwa utepe. Keki ilikuwa imeshakatwa. Babu alikuwa anamlisha kwa mkono wake, kama tunavyomlisha mwenye bethdei, na kipande cha pili kilikuwa njiani.

Sikusema hodi. Nilipanda ngazi, nikachukua kile kipande kutoka vidoleni mwa Babu, nikachukua na sahani.

"He!" alisema mzee mmoja. "Binti wa nani huyu? Hata shikamoo?"

"Ina kakao," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa, sikuijua kama ni yangu. Babu akanitazama, kisha akamtazama Moti, ambaye alikuwa bado analamba kidevu.

Daktari alishasimama. Alikata keki katikati kwa kisu cha siagi na hapo ikaonekana: manjano ya boga, na ndani yake mshipa wa kahawia, kama udongo wa chini ukichimba shimo.

"Kiasi gani?"

Wazee wote wananitazama mimi. Nikatazama kandambili yangu moja.

"Binti, nahitaji kujua. Kiasi gani?"

"Mabaki ya bakuli moja la keki ya kakao. Kabla ya kuokwa ni kama vijiko vitano vya chakula. Vyote viko katikati, pembeni hamna."

"Amekula kipande cha namna hii?"

"Na ncha yake," alisema Babu. "Ncha ya katikati nilimpa kwanza, kahawia yake nikadhani ni maini. Ndiyo laini. Meno yake..." Hakumaliza.

Daktari alileta mkoba kutoka kwenye gari lake, akampa Moti dawa ya kutapisha. Tulisimama kwenye majani tukimtazama mbwa anatapika, wazee watano na mimi, na hakuna aliyeona ni jambo la kuchekesha. Wakati huo huo geti likafunguka, akaingia kijana muuza maziwa anahema, na nyuma yake, kwenye keria ya baiskeli kati ya madumu mawili matupu, Mama Aikande amekaa upande, aproni, unga mpaka kwenye nyusi. Aliteremka kabla baiskeli haijasimama.

"Ni mimi," alisema. Hakusubiri karibu. "Baba, wazee wangu, shikamooni. Msichana hana kosa. Aliniambia, na mimi nikasikia. Ni huu mkono." Akaunyoosha mbele yao, kama mtu anayeomba ukatwe. "Huu mkono haujui kutupa kitu."

Babu alikuwa amepiga magoti kwenye majani, kilemba kimelala upande. Alimshika Moti kifuani kwa kiganja, anasikiliza kwa vidole kama nadhani alivyosikiliza injini maisha yake yote.

"Moyo unakimbia," alimwambia Daktari. Kisha, bila kututazama, "Mama, nendeni nyumbani."

Afadhali angetukana. Daktari alitusindikiza mpaka getini. Alisema kingi kimetoka, kidogo kimebaki, na kwa mbwa mwingine asingekuwa na wasiwasi. Kwa huu moyo, hajui. Yeye atalala hapo hapo amwangalie. Tutajua asubuhi.

Tulirudi kwa miguu, Mama mbele, mimi nyuma na kandambili moja. Hakuongea mpaka Lemara, na hilo lilinitisha kuliko yote. Jioni ile watu wa harusi walituletea salamu kwamba keki ya kakao imesifiwa mno. Mama aliwashukuru, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumapili asubuhi sikwenda kanisani. Nilichukua kikapu, nikaweka mayai, boga, karoti na maini ambayo mwenye bucha alinifungulia kwa kunung'unika. Sikujua yatakuwa ya kazi gani. Kama Moti amekufa ningeonekana kichaa na kikapu changu. Lakini mikono mitupu sikuweza kwenda. Getini nikamkuta Mama amevaa joho la kwaya, na begi begani.

"Unakwenda kuimba?" nikamuuliza.

"Nimevaa niende kuimba," alisema. "Miguu imekataa. Twende."

Pale Themi Mama alipiga hodi mara moja, polepole, kama mtu wa msibani. Tulisikia makubazi yanaburutwa. Mlango ulifunguliwa na Babu mwenyewe, macho mekundu, hajafunga kilemba, nywele zake nyeupe zimeanguka mabegani. Sikuwahi kumwona hivyo, nikatazama chini. Na chini, katikati ya makubazi yake, kulikuwa na pua nyeusi.

"Ameamka kabla yangu," alisema Babu. "Amekojolea kiatu changu. Kile cha kwenda hekaluni."

Mama aliketi pale pale kwenye ngazi na joho lake akalia kwa sauti ya pili. Babu alimwacha alie, kisha akamletea maji. Alimwambia, "Inatosha sasa, mama. Utamtisha mbwa."

Halafu akaona kikapu.

"Hicho ni nini?"

"Keki yake," nikasema. "Hajapata keki yake."

Alifikiri. Daktari Kaaya, aliyekuwa amelala kwenye kiti cha barazani na koti usoni, alisema bila kulitoa koti, "Kipande kidogo. Kama kidole." Babu akaenda ndani akarudi na ufunguo. Jiko la Bibi Amrit lilikuwa limefungwa tangu masika, yeye alikuwa anapikia chai kwenye jiko dogo la mafuta ya taa kule gereji. Alifungua, akasukuma mlango, hakuingia. Sufuria zote zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa. Mama aliinuka kunifuata, akafika mlangoni, akasimama.

"Wewe kaa na mimi," Babu alimwambia. "Amrit hakupenda jiko lijae."

Nikaoka peke yangu. Oveni yake haiunguzi popote. Moti alilala kizingitini, kila nikipita namruka. Huko nje nilisikia Mama anamsimulia Babu habari ya bwana harusi aliyeangukia ukweni, na baada ya muda nikasikia kicheko cha mzee, cha kukohoa, kama gari lililokaa muda mrefu bila kuwashwa.

Nilimkatia Moti kipande cha kidole. Sijui kilichonituma, nikakata na kingine, nikakiweka kwenye sahani, nikampelekea Babu. Haina chumvi, haina sukari, haina chochote, nilitaka tu aone kwamba ndani ni manjano mpaka mwisho. Babu hakuangalia ndani. Alikiweka mdomoni, akatafuna taratibu, akaacha kutafuna.

"Mwanamke yule," alisema. "Mwanamke yule! Miaka yote hiyo alikuwa ananipa kipande na chai, ananiambia ni keki ya tumbo, ya watu wazima. Nikawa namsifu!"

Akacheka mpaka machozi yakaingia kwenye ndevu. Moti alikuwa amemaliza cha kwake, akaja akakaa mbele ya goti la Babu akiitazama sahani. Babu alimtupia Daktari jicho kuona kama amelala. Kisha akakata kile kilichobaki katikati, nusu akampa mbwa, nusu akala mwenyewe.